Louvre: Joto, Umati na Jicho la Mlinzi

Mji wa Paris, katika miezi ya Julai na Agosti, hupata siku za joto kali ambapo mawe ya majumba yake ya kale huendelea kutoa fukuto hata baada ya jua kutua. Katika siku za namna hiyo maelfu ya watu hupanga mstari mbele ya Makumbusho ya Louvre, kasri la wafalme lililofunguliwa kwa umma mwaka 1793, wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa. Lango lake kuu ni piramidi ya vioo iliyozinduliwa mwaka 1989. Lilikusudiwa kupokea watu wapatao milioni 4 kwa mwaka. Mwaka 2024 waliingia watu milioni 8.7. Jua likiwaka juu ya vioo hivyo, ukumbi ulio chini huwa kama tanuri, na kelele za wageni huzidi kuvuma.

Wengi wao wamekuja kwa ajili ya picha moja: Mona Lisa, iliyochorwa na Leonardo da Vinci. Ni ubao wa sentimita 77 kwa 53 tu, nao umewekwa nyuma ya kioo kisichopenyeka kwa risasi. Watu husukumana, mikono imeinua simu za kupigia picha, na kila mmoja hujaliwa kitambo kifupi kabla ya kusogezwa mbele. Katikati ya msongamano huo yumo mtu asiyeitazama picha. Mgongo wake umeelekea ukutani, macho yake yameelekea watu. Huyo ni mlinzi, na ndugu zetu wenye sare wataielewa kazi yake bila kuelezwa.

Tarehe 16 Juni 2025 watumishi wa Louvre, walinzi wakiwamo, waligoma kushika zamu kwa saa kadhaa. Walilalamikia wingi wa watu na uchache wao. Askari wa nchi hana ruhusa ya kugoma. Hata hivyo malalamiko yale yanastahili kupimwa, kwa kuwa jicho lililochoka hutazama lisione.

Lakini historia ya jumba hilo inatupa funzo la pili. Mona Lisa iliibwa tarehe 21 Agosti 1911, siku ya Jumatatu, makumbusho yakiwa yamefungwa. Mwizi, Vincenzo Peruggia, alikuwa fundi aliyepata kufanya kazi humo, naye alivaa joho jeupe kama la mafundi wengine. Hata siku ya pili, mahali pa picha palipoonekana patupu, walinzi walidhani imepelekwa kupigwa picha. Louvre ilipofunguliwa tena, watu walipanga mstari kuutazama ukuta mtupu. Picha ilipatikana mjini Florence, Desemba 1913.

Tarehe 19 Oktoba 2025, Jumapili, kiasi cha nusu saa baada ya milango kufunguliwa, wezi walipanda kwa gari lenye ngazi ya umeme hadi roshani ya ghorofa ya kwanza, wakakata dirisha, na kwa muda usiofika dakika 8 wakatoweka kwa pikipiki na vito 8 vyenye thamani ya euro milioni 88. Taji la Malkia Eugénie liliwaponyoka njiani. Kamera ya nje ya upande ule ilikuwa imeelekezwa kwingine. Walinzi waliita polisi na kuwaondoa wageni salama, wakiutanguliza uhai wa watu mbele ya dhahabu. Katika hilo walitenda kama ipasavyo.

Basi tuzingatie: wezi hawa hawakuchagua saa ya msongamano. Walikuja wakati wa utulivu, saa ambayo mlinzi huona kwamba taabu yake imepita au haijaanza. Umati humchosha askari, ila pia humkumbusha kwamba yu kazini. Utulivu haumkumbushi kitu. Zamu iliyo ngumu kuliko zote ni ile ambayo hakuna linalotokea, nayo ndiyo inayodai macho yaliyopumzishwa, hesabu ya vitu kila saa, na ulizo kwa kila fundi mwenye joho jeupe.