Mohea: mbuzi 10 hawajazi robota

Mfugaji wa Sekei anayetaka kujaribu mbuzi wa Angora kwa ajili ya mohea, yaani manyoya yao, ajue kwamba soko lenyewe liko mbali. Zaidi ya nusu ya mohea ya dunia hutoka Afrika Kusini na Lesotho, na mnada mkuu uko Gqeberha, mji uliojulikana zamani kama Port Elizabeth.

Mbuzi mkubwa hunyolewa mara mbili kwa mwaka na kutoa takriban kilo 4. Mbuzi 10 ni kilo 40, hazijazi robota moja. Tena hazichanganywi: manyoya ya watoto ni laini na ndiyo yenye bei, lakini mbuzi akizeeka manyoya huwa mazito na bei hushuka. Hivyo kilo 40 hugawanyika mafungu matatu au manne. Nani atamfuata mtu mlimani kwa fungu la kilo 10?

Mbuzi aliyetoka kunyolewa akikutwa na mvua ya baridi huweza kufa, na masika ya Meru ni Machi hadi Mei. Banda lenye paa ni lazima. Kupandisha mbuzi wa kienyeji kwa beberu wa Angora nako huchukua vizazi kadhaa, kwani machotara wa kwanza hutoa nywele ngumu zinazoshusha daraja.

Mwenye msokotaji na mfumaji nyumbani anaweza kuwauzia skafu watalii wanaopita Arusha. Asiye nao, mtaji huo aupeleke kwenye mbuzi wa maziwa, mfano Toggenburg. Maziwa huuzwa mtaani kila asubuhi.