Ahadi ni Deni, Hata kwa Adui

Ndugu msomaji, je, yafaa kumwita adui yako kwa neno la msamaha, naye akiisha kuingia mlangoni ukamkamata? Bila shaka utajibu: Hapana. Lakini serikali zimefanya hivyo mara nyingi, kisha zikajitetea kwa kusema kuwa mtu yule alikuwa mwovu. Tutazame kisa kimoja kilichotokea kwa jirani zetu wa Kongo mwaka 1968.

Pierre Mulele alikuwa Waziri wa Elimu katika serikali ya Patrice Lumumba mwaka 1960. Lumumba alipokwisha kuuawa, Mulele alikwenda China kujifunza vita vya msituni. Mwaka 1964 aliwaongoza watu wa Kwilu, magharibi ya nchi, kuiasi serikali. Walidai uhuru wa pili, kwa kuwa ule wa kwanza, walisema, umewanufaisha wakubwa tu. Si vema tufiche mabaya yao. Misioni na shule zilichomwa moto, na Januari ya mwaka ule mapadre watatu waliuawa huko Kilembe. Askari wa serikali nao walichoma vijiji, na watu wengi wasio na hatia walipoteza maisha.

Uasi uliposhindwa, Mulele alijificha msituni. Septemba 1968 alifika Brazzaville, mji mkuu wa ile Kongo nyingine, unaotazamana na Kinshasa ng'ambo ya mto. Rais Mobutu alikuwa ametangaza msamaha. Waziri wake wa Mambo ya Nchi za Nje, Justin Bomboko, alivuka mwenyewe hadi Brazzaville, akatoa ahadi kwamba Mulele akirudi hatadhurika. Wakubwa wa Brazzaville waliamini. Mulele akavuka mto pamoja na Bomboko, akakaribishwa Kinshasa kama mgeni wa heshima.

Heshima hiyo haikudumu hata juma moja. Mobutu, aliyekuwa safarini, alirudi akasema kuwa Mulele ni mhalifu wa vita, wala msamaha haumhusu. Basi akakamatwa, na mwanzoni mwa Oktoba akauawa. Serikali ilitangaza kuwa amehukumiwa na korti ya kijeshi na kupigwa risasi. Wengine husema aliteswa hata akafa. Serikali ya Brazzaville, kwa kuona imedanganywa, ilivunja uhusiano na Kinshasa.

Labda utasema: Je, damu ya wale mapadre haikudai haki? Naam, ilidai. Lakini haki hiyo ilikuwa na wakati wake wa kutajwa. Kama serikali iliona makosa yale hayasameheki, ingalisema hivyo Mulele angali ng'ambo, naye angalichagua mwenyewe. Kumvusha mtu kwa ahadi, kisha kumtajia masharti akiwa mikononi mwa askari, hiyo si haki, ni mtego.

Tena mtego huo humnasa hata aliyeutega. Mwasi aliyebaki msituni akisikia habari hizo, atatokaje? Mfungwa akiletewa karatasi ya msamaha, ataiaminije? Na mpatanishi aliyetoa neno lake, atakwenda kwa nani tena? Vita ambavyo vingemalizwa kwa maneno, sasa vitamalizwa kwa risasi.

Njia iliyo wazi ipo. Afrika Kusini, kwa sheria ya mwaka 1995, iliandika masharti kabla: aombaye msamaha aseme kweli yote mbele ya tume, na kosa lake liwe la siasa. Zaidi ya watu 7,000 waliomba. Waliosamehewa walikuwa wachache tu. Waliokataliwa hawakufurahi, lakini masharti waliyajua tangu mwanzo.

Nasi Wakristo tunalo onyo la zamani zaidi. Soma Yeremia sura ya 34. Yerusalemu ulipozingirwa na Wababeli, Mfalme Sedekia na wakuu waliapa mbele ya Mungu kuwaacha huru watumwa wao, wakawaacha. Hatari iliposogea mbali kidogo, wakawakamata tena. Nabii aliwaambia kuwa kwa kuvunja neno lao wamelitia unajisi jina la Mungu mwenyewe. Angalia, ndugu: walioahidiwa walikuwa watumwa, watu wasio na nguvu yo yote ya kudai. Ndiyo maana Mungu mwenyewe alisimama kuwadai.

Wewe si rais wala waziri, lakini hata nyumbani mwako msamaha hutolewa. Mtoto amevunja chungu, amekimbilia kichakani. Ukimwita, "Njoo, sitakupiga," usishike fimbo akifika. Kama yampasa adhabu, mwambie angali kule. Mtoto aliyedanganywa kwa msamaha hujifunza kutoamini neno la mkubwa, naye kesho ndiye atakayekuwa askari, hakimu au waziri.