Mfungwa Aliyeishtaki Serikali kwa Mwandiko Wake

Wako wengi wanaoshikilia kwamba mfungwa, pindi lango la gereza lifungwapo nyuma yake, hupoteza kila haki aliyokuwa nayo. "Aliyataka mwenyewe," husema, kisha wakaendelea na shughuli zao. Fikira hiyo ndiyo aliyoipinga mahakamani David Ruiz, mfungwa wa jimbo la Texas nchini Marekani, mwaka 1972.

Ruiz hakuwa malaika. Alifungwa kwa wizi wa kutumia silaha. Aliandika malalamiko yake kwa mkono, yakamfikia Jaji William Wayne Justice (naam, jina hilo maana yake ni haki), ambaye aliyaunganisha na ya wafungwa wengine saba.

Kesi ilianza kusikizwa mwaka 1978, ikachukua siku 159 na mashahidi 349. Yaliyofichuliwa yalitisha. Wafungwa wawili, hata watatu, walisongamana katika chumba kilichojengewa mmoja, wengine wakilala sakafuni. Waliougua walihudumiwa na wafungwa wenzao wasio na ujuzi wa utabibu. La ajabu zaidi, wakuu wa magereza walikuwa wamewakabidhi wafungwa wachache, aghalabu makatili, mamlaka ya kuwatawala wenzao, nao wakawapiga watakavyo. Msomaji na ajiulize: ni hakimu yupi aliyewahi kumhukumu mtu kifungo cha miaka kadhaa pamoja na kipigo cha mfungwa mwenziwe?

Desemba 1980, Jaji Justice aliamua kwamba hali hiyo ilikuwa adhabu ya kikatili inayokatazwa na katiba ya Marekani. Jimbo lilishika ukaidi, na usimamizi wa mahakama haukukoma hadi mwaka 2002. Kabla ya hapo, mwaka 1996, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwawekea vikwazo wafungwa wanaotaka kushtaki, kwa hoja kwamba kesi zao nyingi ni za upuuzi. Yamkini baadhi ni za upuuzi kweli. Lakini nani angeutambua uzito wa ile ya Ruiz pasipo kuisoma?

Huku kwetu, Kifungu cha 51 cha Katiba ya 2010 kinasema kwamba mfungwa hubaki na haki zake zote, isipokuwa zile zisizopatana na kule kufungwa kwenyewe. Ni maneno mazuri. Hata hivyo, ili yamfae mtu aliye Kamiti au Shimo la Tewa, sharti apate kalamu, karatasi, na askari asiyeizuia barua yake mlangoni.

Ruiz alifariki mwaka 2005, angali mfungwa.