Kuwekewa maji si kupewa nguvu

Kutoka Kinna hadi hospitali kuu mjini Isiolo ni safari ndefu. Anayeharisha vibaya aweza kuishiwa na maji mwilini kabla hajafika, huku jamaa wakingoja "awekewe maji apate nguvu."

Nguvu hizo ni chache. Chupa ya lita 1 ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 50 tu za sukari. Ile ya chumvi ina gramu 9 za chumvi na haina chakula chochote. Kazi yake ni kurudisha maji yaliyopotea.

Kwa hivyo mgonjwa anayeweza kunywa aanze ORS nyumbani, iliyokorogwa katika maji safi kwa kipimo cha pakiti, kidogo kidogo, hata njiani.

Aliyelegea, macho yamebonyea, asiyeweza kunywa, ndiye wa kuwekewa dripu upesi. Mtoto wa kilo 10 aliyepita mwaka mmoja hupewa mililita 300 kwa nusu saa, kisha 700 kwa saa mbili na nusu. Muuguzi asiondoke: maji yakizidi huingia mapafuni. Mtoto aliyekonda kwa utapiamlo ana kipimo chake, tena cha polepole.