Tope la Chini ya Maji

Leo tuzungumze juu ya tope.

Kule Mombasa, taka zilitupwa miaka mingi Kibarani, kando ya mkono wa bahari wa Makupa, hadi jaa hilo lilipofungwa mwaka wa 2018. Wataalamu wa bahari wanaopima uchafu wa Makupa hawachoti maji peke yake; huchota na tope. Kwa nini? Maji hupwa na kujaa, lakini madini mazito kama risasi hushikamana na tope, yakabaki chini.

Nasi hapa Tseikuru tuna tope letu, la silanga. Betri ya gari ina risasi ndani. Ikivunjwa karibu na silanga, mvua huibeba risasi hiyo hadi majini, nayo hutua chini. Ng'ombe wakitibua, inaingia mtunginimwe.

Mama, kuchemsha maji huua viini, lakini hakuondoi risasi. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto unaokua, na huenda usione dalili mapema.

Kwa hivyo:
- Betri isivunjwe nyumbani wala karibu na maji.
- Watoto wasichezee mabaki yake.
- Mtoto anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.
- Betri ikivunjwa kando ya silanga, tafuta maji kwingine, umwarifu afisa wa afya ya umma. Usingoje mtoto augue.