Dawa ya jino ikibanduka, tazama ilivyopakwa

Mkazi wa Mbwera, ndani ya delta ya Rufiji, anayetaka kumwona daktari wa meno hupanda boti inayofuata maji kujaa na kupwa mpaka Nyamisati, kisha hutafuta gari la kwenda Kibiti. Akizibwa jino leo na dawa ikabanduka baada ya wiki chache, ni nadra arudi kuzibwa tena. Atakwenda kung'oa. Watu husema dawa ilikuwa mbovu, lakini mara nyingi kasoro huwa kwenye upakaji.

Mwaka 1955, Michael Buonocore wa Marekani alionyesha kwamba enameli, tabaka la nje la jino, ikipakwa kwanza asidi ya fosfori, resini ya kuzibia huishika vizuri zaidi, kwa sababu asidi huchimba vishimo vidogo mno ambamo resini hupenya na kugandia. Kazi ngumu iko kwenye dentini, tabaka la chini yake. Asidi ikiyaondoa madini ya dentini, hubaki mtandao wa nyuzi za kolajeni. Nyuzi hizo zina tabia ya nyavu: ndani ya maji hutanuka, zikikauka hulaliana. Daktari akizipuliza kwa upepo mkali, gundi ya kushikisha dawa haipati pa kupita na huishia juu juu. Maji yakizidi, nayo huizuia. Ndiyo maana fundi mzuri hugusa kwa pamba tu, dentini ikabaki na mng'ao wa unyevu.

Gundi yenyewe husuguliwa kwa kibrashi, kwa nyingi ni sekunde 20 hivi. Kusugua huisukuma ndani kuliko kuipaka na kuiacha. Halafu hupulizwa taratibu ili spiriti au asetoni iliyomo iruke, ndipo imulikwe kwa taa. Ikimulikwa mapema, gundi haikomai sawasawa. Mate yakiingia katikati ya hatua hizo, kazi huharibika.

Taa hiyo hutaka umeme, na hapa Tanzania ina jambo la kujivunia. Katikati ya miaka ya 1980, Mholanzi Jo Frencken na wenzake jijini Dar es Salaam walianza kuziba meno kwa vifaa vya mkono pekee, bila mashine wala umeme. Njia hiyo sasa inajulikana duniani kwa jina la ART, na Shirika la Afya Duniani liliipigia debe mwaka 1994. Dawa yake ni glasi ayonoma, unga unaochanganywa na kimiminika chake, ambayo hushikana kikemikali na kalsiamu ya jino. Mwaka 2021 shirika hilo liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu.

Nayo haitaki pupa. Tundu hukwanguliwa uozo, hupakwa asidi laini kwa sekunde 10 hadi 15, huoshwa kwa pamba yenye maji, hukaushwa kwa pamba kavu. Mchanganyiko lazima uingie ukiwa bado unang'aa. Ukishafifia, asidi ya kushikana na jino imekwisha kutumika. Joto huharakisha kuganda, hivyo kwenye jua la delta mchanganyaji ana muda mfupi zaidi. Kisha hukandamizwa kwa kidole chenye glavu iliyopakwa vaselini, na mgonjwa haruhusiwi kula kwa saa moja.

Vifaa vyote hivyo huenea kwenye mkoba mmoja ndani ya boti. Halmashauri ikiwapeleka wataalamu vijijini mara kwa mara, watoto wengi watazibwa tundu likiwa bado upande mmoja wa jino, ambako ART hudumu vizuri. Likishakula pande mbili, dawa hubanduka kirahisi zaidi.