PEUGEOT 504: MKONGWE WA BARABARA ZETU

Ukipita mtaani kwetu Rhonda alfajiri utasikia gari likikohoa mara tatu kabla ya kuwaka. Usishtuke! Hilo ni pikapu la baba, Peugeot 504, na umri wake umenizidi mbali. Ndilo linalobeba viazi na kabeji hadi sokoni, na ndilo linalonilipia karo. Mwaka huu mnunuzi wa vyuma vikuukuu amekuja mara mbili akitaka kulipima kwa kilo. Ndipo nikajiuliza: gari hili limedumu kwa nini?

Peugeot 504 ilianza kuuzwa Ufaransa mwaka 1968. Mwaka 1969 ilichaguliwa kuwa Gari la Mwaka barani Ulaya. Huko kwao waliacha kuunda saluni yake mwaka 1983, lakini Afrika haikuiacha. Hapa Kenya iliendelea kuunganishwa hadi mwaka 2004, na kule Nigeria hadi 2006.

Sababu ya kwanza ni springi. Za saluni ni ndefu na laini, hivyo gurudumu huingia shimoni na kutoka bila abiria kurushwa darini. Stesheni-wagoni nayo ina springi nne nyuma na viti vya safu tatu. Ndiyo maana ilifanya kazi ya matatu za masafa marefu, na wazee wetu wanaikumbuka kwa jina la "Pijo". Hata Safari Rally iliishinda: mwaka 1975 kwa mikono ya Ove Andersson, na mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda na 504 ya milango miwili.

Sababu ya pili ni injini. Haina kompyuta hata moja. Ina kabureta ambayo fundi wa jua kali huifungua kwa spana na bisibisi. Tena mapipa ya ndani ambamo pistoni hupanda na kushuka, yaani silivu, hung'olewa na kuwekwa mapya. Kwa hivyo injini iliyochoka haitupwi, inafufuliwa. Likizo iliyopita baba na fundi wake walifanya hivyo chini ya mti, mimi nikiwashikia tochi mpaka saa tatu usiku.

Lakini tusidanganyane. Pikapu letu linakunywa mafuta kama ngamia, na spea siku hizi tunazitoa kwenye magari yaliyokufa. Halina mifuko ya hewa ya kumkinga dereva kama magari mapya. Hakuna mkongwe asiye na ila.

Hata hivyo nimejifunza jambo moja: kitu hakidumu kwa sababu hakiharibiki, bali kwa sababu kinatengenezeka.

Mnunuzi alipokuja mara ya pili, baba alimwambia, "Kijana wangu, rudi huyu akimaliza kidato cha nne."

Wahenga walinena: usiache mbachao kwa msala upitao.